Msaidizi wa kwanza: nimwachie kazi gani?

Muuza asali, Tabora:
Habari zenu wakuu. Ninauza asali ya nyuki wadogo kupitia Instagram na WhatsApp, na kila jioni ninafungasha chupa huku wateja wa Dar es Salaam wakisubiri majibu hadi usiku. Nikimpata msaidizi, nianze kumkabidhi kazi ipi?

Muuza dagaa, Kigoma:
Dada, anza na ufungashaji na kupeleka mizigo stendi, kwa sababu kosa la huko unaliona kwa macho. Mimi niliharakisha kumwachia kijana simu yenye laini ya pesa pamoja na namba ya siri, na kabla ya mwezi kwisha hesabu zilikuwa hazikutani. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne kwenye akaunti moja, hivyo anaweza kujibu wateja kwa simu yake mwenyewe.

Muuza mawese, Ujiji:
Ninaongezea: andika hatua za kazi wakati unaifanya. Karatasi yangu inasema, "Kaza kifuniko, laza chupa juu ya gazeti, subiri dakika tano," na malalamiko ya mafuta kuvuja yamepungua sana.

Muuza asali, Tabora:
Nashukuru. Nimlipe kwa siku au kwa kifurushi?

Muuza dagaa, Kigoma:
Kwa kifurushi, maana oda zako bado hazitabiriki.