Programu ya kuchambua pakiti ikiganda: ni udhaifu wa usalama au hitilafu tu?

Mleta mada: Wakuu, kila Wireshark, programu ya kunasa na kuchambua pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), inapotoa kiraka cha udhaifu wa kuigandisha, wapo wanaosema udhaifu huo haukustahili namba ya CVE, yaani namba ya utambulisho wa udhaifu wa usalama uliotangazwa: ifunge, uifungue upya, basi. Napinga.

Tazameni kinachotokea. Ndani ya Wireshark, kila itifaki (kanuni za mawasiliano ya mtandao) ina kipande chake cha msimbo wa kuifasiri, na vingi vimeandikwa kwa C. Kipande hicho husoma urefu wa data kutoka ndani ya pakiti yenyewe, yaani kinamwamini aliyeituma. Akiandika sifuri penye urefu na msimbo usikague, programu husogea hatua sifuri, ikasoma palepale, ikarudia bila kikomo. Prosesa inajaa, dirisha linaganda. Pakiti moja imetosha. Mshambuliaji hahitaji nenosiri lako. Anachotaka ni pakiti yake ipite wakati unanasa, au ufungue faili aliloliandaa.

Mchangiaji: Mkuu, unakuza mambo. Hakuna data iliyoibwa wala mtu aliyeingia. Tukiita kila kuganda udhaifu wa usalama, mafundi watazoea tahadhari hadi zile nzito ziwapite.

Mleta mada: Hilo la kuzoea tahadhari lina uzito, silikatai. Lakini chombo hiki wengi hukiwasha pale wanaposhuku kuna mtu ndani ya mtandao, na huyo mtu ndiye mwenye sababu ya kukizima. Wengine huacha tshark, yaani Wireshark ya mstari wa amri isiyo na dirisha, ikichambua usiku kucha bila mtu kwenye skrini. Ikifa saa nane usiku, uchambuzi wa saa zinazofuata haupo, na kama pakiti hazikuhifadhiwa pembeni, huwezi kuzirudisha.

Tena si kila kuzimika huishia hapo. Kitanzi kisicho na mwisho kweli hakimpi mtu njia ya kuingia. Kosa la kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu ni habari nyingine. Machi 2004, mnyoo wa kompyuta ulioitwa Witty ulipitia kosa la kufasiri pakiti za ICQ (huduma ya kutumiana ujumbe) ndani ya bidhaa za ulinzi za kampuni ya ISS. Uliambukiza kompyuta zipatazo 12,000 na kuharibu data kwenye diski. Walioshambuliwa ni wale waliokuwa wamejiwekea ulinzi!

Mchangiaji: Basi tutenganishe. La kumbukumbu lipewe namba, la kitanzi liingie kwenye orodha ya hitilafu za kawaida.

Mleta mada: Na msimamizi anayesasisha tu vilivyo na namba ya CVE, hilo la kitanzi atalijuaje?