Skrini ya bluu haiishi kwenye kompyuta ya steshenari, Windows imeshapigwa upya. Naombeni ushauri

DadaWaFotokopi

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari karibu na chuo hapa Iringa. Nachapa, natoa fotokopi, naskani vyeti, na msimu ukifika nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, niliinunua ikiwa used: prosesa i5 ya kizazi cha nane, diski ya SSD ya GB 256, Windows 10. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8. Maombi yalipokaribia kufunguliwa fundi akaniongezea kipande kingine cha GB 8, maana ilikuwa inakwama nikifungua kurasa nyingi.

Shida yenyewe: katikati ya kazi skrini inageuka bluu, inasema kompyuta imepata tatizo, asilimia zinahesabu, halafu inajiwasha upya. Kuna siku inapiga kazi asubuhi mpaka jioni bila neno, kuna siku haimalizi saa nzima. Fundi ameshapiga Windows upya zaidi ya mara moja. Akimaliza inatulia kidogo, kisha yale yale. Sasa anasema mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) imechoka, nitafute kompyuta nyingine.

Nilizowahi kupiga picha kwa simu zimeandika MEMORY_MANAGEMENT, nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Jana kivinjari kilijifunga chenyewe bila hata skrini ya bluu, na faili la zip la mteja likakataa kufunguka likidai limeharibika. Faili hilo hilo kwenye simu yake lilifunguka vizuri.

Mwanafunzi amekaa mbele yangu, ameshafika ukurasa wa mwisho wa fomu, mashine inazima, tunaanza upya na foleni iko mlangoni. Hela ya kompyuta nyingine sina. Nifanye nini kabla sijakubali kwamba mazabodi imekufa?

Nyundo Ndogo

Pole sana dada. Hiyo Windows anayokupigia fundi anaitoa wapi? Mtaani flashi moja inazunguka miaka na miaka, ndani yake kuna Windows iliyochezewa na kiprogramu cha kuchakachua leseni, na humo ndimo virusi vinamopitia. Pakua ISO (faili la kusakinishia Windows) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, fomati diski yote, upige upya. Mimi ningeanzia hapo.

DadaWaFotokopi

Asante kaka. Mara ya mwisho aliipakua mbele yangu kutoka kwenye tovuti hiyo hiyo, na leseni ilijitambua yenyewe kwa kuwa ilikuja na mashine. Ila wakati wa kusakinisha iligoma katikati ikisema kuna faili limeharibika. Akarudia, ikapita.

Mzee wa BIOS

Dada, shikilia hapo hapo. Maelezo yako yana kila kitu, na hiyo ya usakinishaji kugoma kisha kupita ndiyo imenifanya niandike. Usipige Windows tena kwa sasa, na usinunue chochote.

Skrini ya bluu ni Windows yenyewe inaamua kusimama. Imeona jambo lisilowezekana ndani ya kiini chake, kwa hiyo inasimamisha kila kitu ili isije ikaandika uchafu kwenye diski. Jina lile la herufi kubwa linakwambia imekamatia wapi, halikwambii mwizi ni nani. Ndiyo maana mimi siangalii jina moja, naangalia mfululizo wake. Kosa likiwa lile lile kila siku, tena chini yake limetajwa faili moja linaloishia na .sys, mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama printa. Majina yakibadilikabadilika kama yako, leo hili kesho lile, halafu programu za kawaida nazo zinajifunga na mafaili mazima yanasomeka mabovu, wa kwanza kushukiwa ni RAM.

Sababu ni hii. Kila unachofungua kinapakiwa kwanza kwenye RAM. Kipande kikiwa na sehemu ndogo mbovu, biti iliyoandikwa 1 inasomeka 0. Nani atakuwa amekaa kwenye sehemu hiyo wakati huo? Leo draiva ya printa, kesho kivinjari, keshokutwa lile zip la mteja. Akiwa kivinjari, kinajifunga peke yake. Ikiwa ni kiini cha Windows, unapata bluu. Ukifungua vitu vichache sehemu mbovu inaweza isiguswe siku nzima, na hapo ndipo unapopata zile siku zako za amani. Ukifungua kurasa nyingi, Word na PDF za vyeti kwa pamoja, RAM inajaa na lazima mtu aikanyage.

Sasa nijibu: bluu hizi zilikuwepo kabla hujaongezewa kile kipande cha pili?

Mswahili_wa_Pwani

Dadangu pole. Mimi niko Mombasa, na yangu ilinisumbua hivyo hivyo, kumbe ni pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme. Huku stima ikipanda na kushuka kompyuta ilikuwa inazima ghafla. Nilibadilisha pawa saplai, nikaweka UPS, basi. Angalia umeme kwanza.

Mzee wa BIOS

Ndugu yangu wa Pwani, yako ilizima ghafla au ilileta bluu? Hizo ni habari mbili tofauti, na kuna njia ya kuzitenganisha. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs kisha System. Umeme ukikatika au pawa saplai ikilegea, mashine inazimika bila kuaga. Ikiwaka tena inaandika Kernel-Power namba 41, na ukifungua maelezo yake BugcheckCode ni 0. Iliyoanguka kwa bluu kwa kawaida inaacha na tukio la BugCheck namba 1001 lenye kodi (namba ya utambulisho) ya kosa. Kwa dada nategemea kodi kama 0x0000001a, ambayo ndiyo hiyo MEMORY_MANAGEMENT.

UPS aweke hata hivyo. Kwa umeme wetu huu ni lazima.

DadaWaFotokopi

Nimeangalia sasa hivi. Za 1001 zipo nyingi, na 0x0000001a imo, na 0x00000050. Kuhusu swali lako mkuu, nimekaa nikakumbuka: kabla ya kuongeza RAM ilikuwa nzito tu, bluu sikuwahi kuiona. Lakini fundi aliipima RAM kwa kile kipimo cha Windows kikasema hakuna tatizo, ndiyo maana akahamia kwenye mazabodi.

Kibatari

Na antivairasi je? Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, viwanja vya ndege na benki dunia nzima vilisimama kwa skrini ya bluu, na chanzo kilikuwa apdeti moja ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Si kila bluu ni RAM.

Mzee wa BIOS

Kweli kabisa Kibatari, na mfano wako unanisaidia. Siku ile Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5 ziliguswa, na skrini nyingi zilitaja faili moja, csagent.sys. Waliofuta faili lile bovu la apdeti, lile linaloanza na C-00000291, wakiwa kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), mashine zao zilinyanyuka. Hivyo ndivyo kosa la programu linavyojionyesha: linarudi na sura ile ile. Ya dada inabadili sura kila ikija, na imehimili kupigwa Windows mpya. Ukifuta kila kitu kwenye diski na tatizo likabaki, huko kwenye diski hukuwa unalipata.

Dada, kile kipimo cha Windows kwa mpangilio wake wa kawaida ni chepesi. Kikikuta kosa kiamini, kisipokuta usikiamini sana. Tumia MemTest86, ya bure inatosha. Unaiweka kwenye flashi tupu (itafuta kilichomo, kwa hiyo isiwe flashi ya wateja), unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, nayo inaanza yenyewe bila Windows. Iache usiku mzima imalize mizunguko yote minne. Kosa linalokubalika ni sifuri. Hata likitokea moja tu, usijiambie ni dogo.

Ikileta makosa, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, shika bati la kasha kwa mkono kisha chomoa RAM. Halafu pima kipande kimoja kimoja, vyote kwenye sloti ile ile. Kibovu ukikihamishia sloti nyingine kikaendelea kuleta makosa, ni kipande. Kizima kikileta makosa kwenye sloti moja tu, hapo ndipo mazabodi inaingia kwenye kesi, na fundi wako atakuwa na hoja.

Nyundo Ndogo

Naongezea: kabla ya kupima, safisha zile meno za dhahabu kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, pulizia vumbi kwenye sloti, kipande kikae mpaka vile vishikio vya pembeni vilie. Nimeshaona RAM nyingi tu zilikuwa hazijakaa sawa.

Mzee wa BIOS

Sahihi. Na wengine mnaopita hapa, msikimbilie Driver Verifier kabla ya RAM kupimwa. Ile kazi yake ni kuzibana draiva mpaka iliyo mbovu ianguke. Kwenye RAM mbovu itawapa majina ya draiva zisizo na hatia, na mashine inaweza isiwake kabisa mpaka uingie Safe Mode uandike verifier /reset.

DadaWaFotokopi

Wakuu, nimerudi. Nilisafisha kama alivyosema kaka Nyundo, nikawasha na MemTest86 vipande vyote viwili vikiwa ndani. Hata mzunguko wa kwanza haukuisha, mistari myekundu ikaanza kushuka. Nikapima kimoja kimoja. Kile kilichokuja na mashine kimemaliza mizunguko minne, makosa sifuri. Kile cha kuongezewa kinaleta makosa sloti ya kwanza na sloti ya pili, na anwani (namba za sehemu ndani ya RAM) zinazoandikwa kwenye makosa zinakaribiana mno.

Nimekichomoa. Tangu hapo nimefungua kila kitu kwa pamoja makusudi na bluu haijatokea, ila uzito umerudi. Picha ya skrini nyekundu nimempelekea aliyeniuzia, amekubali kunibadilishia. Niangalie nini safari hii ili nisibebe kingine kibovu?

Mzee wa BIOS

Safi sana dada. Hizo anwani kukaribiana maana yake kuna sehemu moja ya chipu imekufa. Mazabodi yako iache ilale salama.

Dukani soma stika. Kwenye nyingi za DDR4 (aina ya RAM) utakuta maandishi kama PC4-2666V-UA2. Herufi baada ya kistari cha pili ndiyo ya kuangalia: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptop, R ni ya seva. Za R zinauzwa kwa bei ya kuvutia sokoni kwa sababu zimetoka kwenye seva zilizostaafu, na kwenye mashine yako hazitawaka. Kasi ikitofautiana na ya kipande chako si tatizo kubwa, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Ukipata inayofanana kabisa na ya kwanza ndiyo bora. Na akuandikie kwenye risiti siku za kubadilisha, kwa sababu utaipima usiku huo huo kabla mteja hajaigusa.

Bado hatujamaliza. Windows yako ilisakinishwa RAM mbovu ikiwa ndani, kwa hiyo kuna mafaili huenda yaliandikwa yakiwa yameharibika tayari. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, ikimaliza andika sfc /scannow. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi ya mafaili, hapo sasa ndipo pa kupiga Windows upya, na ukifika huko ingia moja kwa moja Windows 11. Kizazi cha nane kinakubalika, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini usianze kabla kipande kipya hakijapita kipimo.

DadaWaFotokopi

Kipya kimepita, mizunguko minne, makosa sifuri, vyote viwili vikiwa pamoja. DISM imekamilika, sfc imesema imekuta mafaili mabovu na imeyarekebisha. Nimeirudia tena, haikukuta kitu. Mungu awabariki sana.

Kinachonikosesha raha ni kazi za wateja. Nina folda za CV na vyeti nilivyoskani kipindi chote kile RAM mbovu ikiwa ndani. Hizo nazo zinaweza kuwa zimeharibika?

Mzee wa BIOS

Zinaweza. Faili likipita kwenye sehemu ile mbovu kabla ya kuandikwa, linahifadhiwa na kosa lake, na sfc haigusi mafaili yako, inaangalia ya Windows tu. Panga folda zako kwa tarehe ya kuhifadhiwa, chukua zote za tangu siku ulipoongezewa kile kipande mpaka siku ulipokichomoa. PDF na picha zifungue ukurasa kwa ukurasa; zilizoharibika zitagoma kufunguka au utaona sehemu ya picha imegeuka kijivu au imekatika. Vyeti vilivyoskaniwa anza navyo, hasa vya wale ambao maombi yao bado dirisha halijafungwa, uwapigie simu walete nakala halisi uziskani upya. Na ambavyo vimeshatumwa, waambie waingie kwenye akaunti zao wafungue kiambatisho chenyewe waone kama kinasomeka.

DadaWaFotokopi

Naanza kupiga simu kesho asubuhi. Majina yote ninayo kwenye daftari la maombi.