Mrejesho: Drag Star 400 nimeichukua

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu kununua pikipiki ya Yamaha Drag Star 400 iliyotumika, hapa Dar. Asanteni sana!

Ushauri wa kuikuta injini ikiwa ya baridi, kabla muuzaji hajaiwasha, ndio ulionisaidia zaidi. Silinda ya nyuma ilichelewa kushika, muuzaji mwenyewe akaisikia, bei ikashuka. Namba ya chesesi ilioana na kadi, na hela ya mwisho nilitoa baada ya kuhamisha umiliki TRA. Tairi la mbele lina kashata (meno) nzuri ila ubavuni limeandikwa 2214, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2014. Limezeeka, nimelitoa.

Kwa ile silinda ya nyuma, kusafisha kabureta hakukutosha. Asubuhi bado inasumbua. Fundi amekuta mpira wa ndani ya kabureta umetoboka, nimeagiza mwingine. Barabarani imetulia, naipenda mno.