Tupeane uzoefu: kupita kipilefti pamoja na semi na matela

Boda wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Jambo hili ninalo tangu Jumanne, na nisipolisema litanikaa kooni.

Ni bodaboda hapa Tabora mjini, mwaka wa sita sasa. Jumanne saa moja asubuhi nilimbeba binti wa sekondari, kachelewa, na haraka yake nikaifanya yangu. Mbele yetu kulikuwa na semi, lile lori refu la kichwa na tela, ya marobota ya tumbaku inakaribia kipilefti, ule mzunguko wa njia panda. Imekaa katikati ya barabara, upande wa kushoto imeacha wazi kama mita moja na nusu. Nikaona njia, nikachomekea.

Nilipofika usawa wa katikati ya tela, kichwa kikakunja kushoto kuingia kwenye mzunguko. Ile nafasi ikaanza kujifunga. Dereva hakunibana kwa makusudi. Tela lenyewe lilikuwa linakata kona, linakuja ukingoni polepole kama mlango unaorudishwa. Niliona nati za tairi zikizunguka usawa wa goti langu. Nikapiga kelele "Ruka!", binti akaruka kwenye majani, mimi nikaiachia pikipiki. Tairi likakanyaga kikanyagio cha mguu, likakikunja kama waya, likaenda zake. Dereva hakusimama, na naamini hakujua kabisa kuwa tulikuwepo.

Binti alichubuka kiwiko. Nikamsindikiza kwa miguu hadi shuleni, nikarudi nikakaa chini ya mwembe nusu saa nzima, mikono inatetemeka.

Naomba tupeane uzoefu. Wenye malori, bajaji, baiskeli, magari madogo: mnapitaje pale na hizi gari ndefu?

Mzee wa Semi
Pole sana kijana wangu, na mpe pole binti. Naendesha semi mwaka wa kumi na tisa, Dar hadi Kigoma na kurudi, saruji na mizigo mchanganyiko. Nitakueleza nilivyoona mimi kutoka juu, kwa sababu huyo dereva nimewahi kuwa yeye.

Tairi za nyuma za tela hazifuati alama za tairi za mbele. Zinapita ndani zaidi ya kona, na tela likiwa refu zinaingia ndani zaidi. Kipilefti kina kona tatu mfululizo: unaingia unakunja kushoto, unazunguka unakunja kulia, unatoka unakunja tena kushoto. Kwa hiyo tela langu kwanza linakata kwenye ukingo wa kushoto, halafu linakata kuelekea kisiwa cha katikati, halafu linarudi kukata kushoto pa kutokea. Ndiyo maana unaniona nimejipanua katikati ya njia mbili. Nikikaa kushoto kama gari dogo, tairi la nyuma litapanda pavimenti wanakosimama mama wa mahindi.

Ile mita moja na nusu uliyoiona, mwanangu, haikuwa wazi. Nilikuwa nimeiwekea tairi zangu za nyuma.

Na vioo visikudanganye. Kichwa kikishakunja, kioo cha upande mmoja kinajaa ubavu wa tela, cha upande wa pili kinanionyesha maduka. Mimi nakaa kulia, kwa hiyo kushoto, kuanzia mlango wa utingo kurudi nyuma, kuna sehemu mtu akiingia anapotea kabisa. Hata mbele ya bampa, karibu sana, pikipiki siioni.

Mama Wawili Cheyo
Mzee shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Naendesha IST, na siku zote semi ikitanda njia mbili nilikuwa napiga honi nikidhani ni ubabe. Nisameheni.

Langu ni hili. Mwaka jana niliingia kipilefti wakati lori lenye tela la kuvutwa limeshaingia. Nilijua anayetoka kulia akiwa ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki, lakini nikajipa moyo kuwa nitawahi. Sikuwahi. Nikajikuta nipo upande wa kisiwa, tela linakuja kwangu, nikasimama. Naye akasimama. Nyuma yangu kukajaa bajaji na kirikuu. Nikamwonyesha kwa mkono arudi nyuma kidogo. Utingo akashuka akaja dirishani, kijana mpole kweli, akaniambia: "Dada, hili halirudi. Likirudi linajikunja katikati." Ilibidi trafiki aje awarudishe wa nyuma yangu mmoja mmoja. Robo saa nzima mji umefunga kwa ajili yangu.

Mzee wa Semi
Marahaba mama. Utingo alisema kweli. Tela la kuvutwa lina maungio mawili, kwenye ndoano na pale ekseli yake ya mbele inapogeuka. Kulirudisha nyuma kwa kona ni kazi hata kwenye uwanja mtupu.

Mha wa Ujiji
Naandika kutoka Kigoma. Maungio hayo ndiyo yaliyonivunja mguu.

Wakati huo nilikuwa nasafirisha mawese kwa baiskeli, madumu mawili ya lita ishirini nyuma. Jioni, giza linaanza kuingia, nimesimama pembeni ya kipilefti nisubiri lori lipite nivuke. Likapita. Nikaona mwisho wa bodi, nikaona mwanya, nikasukuma baiskeli. Kumbe halijaisha. Kati ya lori na tela lake kuna ule mwanya mrefu wenye chuma cha kuvutia chini, na gizani chuma hakionekani. Kilinipiga chini ya goti. Namshukuru Mungu kilinitupa nje na si ndani.

Madumu yakapasuka. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo: mawese yalitapakaa kwenye kona, na kabla mtu hajawaza, bodaboda mbili zikaserereka na kuanguka pale pale. Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyeleta mchanga kwenye beseni akaanza kumwaga huku analia. Siku hizi nikiona lori nahesabu kwanza: kichwa, mwili, kisha nangoja nione taa za mwisho kabisa. Sivuki mpaka nione nyuma yake kuna barabara.

Konda Mstaafu
Basi nalo msilisahau. Mkia wa basi kubwa umetokeza mbali nyuma ya tairi. Likikunja kushoto kutoka kwenye mzunguko, mkia unatupwa kulia. Nimeona kioo cha bajaji kikiondoka hivyo.

Kijana wa Ipuli
Samahani wakubwa, lakini tusiwabebeshe wadogo peke yao. Kuna semi zinaingia kipilefti kama zinakimbizwa. Tanki la mafuta limenipita juzi, tairi za upande mmoja zinalia. Limiti ya mjini ni kilomita 50 kwa saa, na kwa kona ile hata 50 ni nyingi mno.

Mzee wa Semi
Umesema haki, sitetei upande wetu. Tanki ndilo baya kuliko yote, hasa likiwa nusu. Mafuta yanahamia upande wa nje wa kona, halafu unapogeuza usukani kutoka, yanarudi kwa nguvu upande wa pili. Gari linalala bila kuguswa na mtu. Marobota ya tumbaku yaliyopangwa juu sana ni hivyo hivyo, uzito uko juu. Mimi naingia na gia ya chini, kama mtu anayetembea haraka, na sibadilishi gia mpaka nitoke. Dereva anayefanya vingine mwambieni bila kumwonea haya.

Ila nanyi jueni kuwa sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56, gari pamoja na mzigo. Nikiwa na mzigo kamili, nikikanyaga breki, upepo unaozifanya zishike unachukua muda kufika tairi za tela, na uzito wote huo unaendelea kunisukuma. Anayenichomekea mbele ananiomba kitu nisichonacho.

Mha wa Ujiji
Niongeze kidogo. Huku kwetu yanakuja malori ya Burundi, na kwao wanaendesha kulia, kipilefti wanazunguka kinyume na sisi. Wengi ni wazoefu, lakini angalieni dereva amekaa upande gani. Akikaa kushoto, upande asiouona ni wa kulia.

Mkulima Urambo
Nina trekta na tela la kubebea kuni na tumbaku. Nimesoma yote haya nikatoka nje na tochi kuliangalia. Halina hata taa moja nyuma. Kesho naenda kwa fundi kufunga taa na kubandika vibandiko vinavyong'aa, pembeni na nyuma, na kwenye chuma cha kuvutia napaka rangi nyeupe kwa ajili ya yule ndugu wa mawese.

Boda wa Isevya
Nashukuru sana nyote. Mzee wa Semi alinitafuta pembeni, na Jumamosi alipopita Tabora akasimamisha gari kwenye uwanja karibu na kijiwe chetu. Tulikuwa boda kumi na moja. Tukapanga pikipiki nne kushoto mwa semi, kuanzia kwenye bampa hadi tairi la tela, kila moja na mwenyewe juu yake. Kisha tukapanda mmoja mmoja kukaa kiti cha dereva.

Nilipokaa niliona pikipiki moja, ya nyuma kabisa. Ya pili niliona helmeti tu. Mbili za mbele sikuziona, na mmoja wa hao wawili ni mdogo wangu wa damu, ananipungia mkono na kuniita jina.

Mzee akanionyesha kile kioo kidogo cha juu ya mlango wa kushoto, kinachotazama chini. Kimepasuka tangu safari iliyopita. Aliahidi hatoki Tabora bila kukibadilisha, na jioni alinitumia picha ya kioo kipya.