Mjadala: Simu peke yake inatosha kukuongoza mlimani?

Wakuu, kuna hoja nakutana nayo kila mara, kwamba ramani ya karatasi na dira vimepitwa na wakati, ukishakuwa na simu yenye GPS basi umemaliza. Mimi napinga, ila sio kwa sababu wanayoitoa wengi.

Wengi wanasema porini hakuna netiweki kwahiyo GPS haishiki. Sio kweli. Simu inapokea mawimbi moja kwa moja toka kwenye setilaiti, zile ziko kilomita 20,000 na ushee huko juu, haihitaji laini wala bando, kinachohitaji intaneti ni ile ramani yenyewe na unaweza kuipakua kabla hujatoka nyumbani. Sehemu ya wazi inakosea kama mita 5 hivi. Kwenye korongo ndo inayumba zaidi, maana mawimbi yanagonga mwamba kwanza ndo yanafika kwenye simu.

Shida yangu mimi ni ule mstari wa njia uliochorwa kwenye ramani ya simu. Kidoti cha hapo ulipo ni kipimo, lakini mstari ni neno la mtu, kuna aliyeuchora, pengine kwa kuangalia picha ya angani tu, pengine alipita kiangazi na sasa hivi kipande kimeporomoka. Nishawahi kuufuata wa hivyo jioni, ukatufikisha kwenye genge, kidoti kimekaa juu ya njia sawasawa na mbele hakuna pa kukanyaga, na kwa vile wote tulikuwa tunaangalia skrini hakuna aliyekumbuka njia panda tumeiacha wapi. Chaji nayo baridi inaimaliza haraka. Tulirudi gizani kwa kupapasa, niliogopa sana siku ile.

Dira nayo isisifiwe kupita kiasi. Kuna maeneo kaskazini ya dira na ya ramani zinapishana zaidi ya digrii 10, usiporekebisha basi kila kilomita moja umetoka nje ya mstari mita 170 na kitu, halafu ukiishika karibu na simu sindano inavutwa.

Msimamo wangu: anayeongoza kundi kama hawezi kusoma mistari ya mwinuko kwenye ramani ya karatasi, ile inayoonyesha wapi ardhi inapanda na wapi inashuka, asiruhusiwe kupeleka watu, hata awe na simu tatu. Najua mtasema huko ni kubana watu, mlima ni wa wote. Nawaelewa, ila ukipotea wewe kuna waokoaji wanatoka usiku kukutafuta na wao wanahatarisha maisha.

Mnaopinga leteni hoja, hasa mliowahi kuongoza wenzenu kwenye ukungu.