Naomba ushauri: majani ni yale yale, mbona chai haifanani?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Dada yangu na mimi tuligawana pakiti moja ya majani ya chai, lakini chai yake huwa na rangi ya kung'aa na harufu nzuri, ilhali yangu hutoka nyeusi iliyofifia, na juu yake huelea utando mwembamba unaong'ang'ania kwenye kuta za kikombe. Nayashuku maji, kwa kuwa yangu ni ya kisima na birika langu limejaa ukoko mweupe ndani, dalili ya maji magumu yenye kalsiamu nyingi, ambayo huungana na viambato vya majani na kuufanya utando huo. Yeye hutumia maji ya mvua. Hata hivyo, nakiri kwamba mimi huyaacha majani yachemke hata dakika 10, jambo linalotoa tanini nyingi na kuleta ukakasi, naye huyachuja baada ya dakika 4. Sukari na maziwa nimeshaviondoa katika majaribio yangu, kwa hiyo tusihangaike navyo.

Je, nianze kurekebisha lipi? Na kwa aliyewahi kujaribu, kuyachemsha maji mapema na kuyaacha yatuame kunatosha, au nitafute chujio maalumu?