Nitajuaje ofisi ipi ya leta (serikali) inaweka habari zangu?

Mkaaji_wa_Kampemba
Habari zenu, wakubwa. Komine (utawala wa sehemu ya mji) ina rejista ya wakaaji. Kadi ya uchaguzi ilichukua foto na alama za vidole. Ofisi ya ardhi na ya kodi nazo zina mafaili yao. Je, kuna mahali leta inapotangaza orodha ya mafaili hayo: nini kimeandikwa, kwa kazi gani, nani anaruhusiwa kuyasoma? Kama hakuna, hapa Lubumbashi mtu aandikie nani, na aseme nini?

Yaya_Sheria
Mdogo wangu, umeshika shina lenyewe. Kode ya dijitali ya nchi yetu Kongo (ordonansi-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023) inampa mtu haki ya kuziona habari zake na kudai zirekebishwe. Lakini utarekebishaje faili usilojua kama lipo? Ndiyo maana kutangaza kunatangulia haki nyingine zote.

Marekani waliweka jambo hilo katika sheria mwaka 1974. Kila ofisi ya serikali kuu inachapisha katika gazeti rasmi tangazo la kila mfumo: jina lake na mahali ulipo, watu gani wamo, habari za aina gani, nani hupewa na kwa kazi gani, zinatunzwa vipi, cheo na anwani ya msimamizi, njia ya mtu kuuliza na kupinga, na habari zilitoka wapi. Wakitaka kuzitumia kwa kazi mpya, wanatangaza siku 30 kabla, raia watoe maoni. Ofisa anayeendesha mfumo kwa makusudi bila kuutangaza anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000. Orodha ya namna hiyo ndiyo tunayopaswa kuidai hapa.

Karani_Mstaafu
Nakubaliana na Yaya, ila sheria ile ina tundu. Inahesabu tu mafaili ambamo mtu hutafutwa kwa jina lake au namba yake. Barua zikipangwa kwa tarehe, hata zikijaa majina ya watu, hazimo. Kwa hiyo katika barua yako usiulize "rejista" peke yake. Andika: "rejista, faili au daftari lolote, la karatasi au la kompyuta, lenye jina langu".

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, kwa mkuu wa ofisi kwa cheo chake, kwa mfano burgumesta, mkuu wa komine. Ofisi moja, barua moja. Ukiwaandikia watatu pamoja, kila mmoja atamngoja mwenzake. Uliza mambo manne: faili lipo? lina nini? ni la kazi gani? nani mwingine amepewa? Usiombe marekebisho katika barua ya kwanza, maana watakurudisha ulete vyeti na lile swali la kwanza litazikwa hapo.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wakupigie muhuri na tarehe, ile akize (uthibitisho kwamba wamepokea) tunayoijua sote. Bila muhuri huna barua. Akikwambia "acha tu hapa, mkubwa hayupo", ngoja sekretarieti, au rudi kesho.

Yaya_Sheria
Na taja katiba ndani ya barua. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Cha 27 kina uzito zaidi kwa kazi hii: Mkongomani akipeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hawezi kushtakiwa kwa sababu aliomba. Tarehe ya akize ndiyo inayoanzisha hesabu. Wakaaji wa avenyu nzima wakitia sahihi chini ya barua moja, ni vigumu zaidi kuiacha kwenye droo.

Karani_Mstaafu
Bado kosa linaloharibu maombi mengi: jibu linarudi "hayupo" kumbe yupo. Jina, postnom (jina la pili) na prenom (jina la ubatizo) hugeuzwa mpangilio, au Kabwe inaandikwa Kabue. Weka majina matatu kama yalivyo kwenye kadi, kisha chini yake kila namna nyingine uliyowahi kuandikwa, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya baba na mama. Kwa wazee, vyeti vya kabla ya 1966 vinasema Élisabethville, jina la zamani la mji huu. Andika yote mawili: "Lubumbashi (Élisabethville)".